Ulezi wa Kifuani, na Jinsi Ulivyozunguka Dunia

Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili twalisikia kila siku, na mara nyingi twalitumia tukiwa na njaa, tukitumaini ya kuwa kwa ajili ya mgeni kuku atachinjwa. Lakini maana yake ni kubwa kuliko kuku. Yuko mgeni aletaye dawa, yuko na mgeni aletaye ujuzi. Tena yuko mgeni ajaye kufundisha, naye akarudi kwao amefundishwa. Mwezi huu twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari moja ya namna hiyo, nayo ni jinsi wauguzi, wakunga na madaktari wa mataifa mbalimbali walivyopokezana ujuzi wa kuwalea watoto wazaliwao kabla ya siku zao, wale tuwaitao njiti. Si habari ya nchi tajiri kuzifundisha nchi maskini tu. Ni habari ya ujuzi uliotoka kwa maskini ukaenda kwa matajiri, ukapimwa huko na huko, kisha ukarudi umetiwa nguvu.

Kwanza yatupasa kuijua shida yenyewe. Mtoto hukaa tumboni majuma yapatayo 40, naye azaliwaye kabla ya majuma 37 kutimia huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati. Mwaka wa 2020 walizaliwa duniani watoto wa namna hii wapatao milioni 13.4, yaani karibu mmoja katika kila kumi. Mtoto huyu ana mafuta machache chini ya ngozi, na mwili wake ni mdogo mno. Basi joto humtoka upesi, kama vile maji ya moto yaliyotiwa kikombeni yapoavyo upesi kuliko yale ya chungu. Akiisha kupoa, nguvu zake zote hutumika kutafuta joto, wala hazibaki za kupumua na kukua. Tena aliye mdogo sana hajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa taratibu moja, na maradhi ya kuambukiza humshika kabla hajapata nguvu ya kuyashinda.

Wengi wetu tumeona vijijini jinsi bibi zetu walivyoshughulika na watoto hao. Walimzungushia mtoto pamba na matambara, wakamlaza karibu na meko, wakakesha wakichochea moto. Wengine waliishi, lakini wengi walikufa, mara nyingi kabla ya kupewa jina. Mama aliambiwa anyamaze, maana huyo alikuwa mpita njia tu. Mama alinyamaza kwa kinywa, lakini moyoni hakunyamaza. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Wala tusidhani ya kuwa huko Ulaya mambo yalikuwa mengine. Katika mji wa Paris, miaka 150 hivi iliyopita, watoto wa namna hii walikufa vivyo hivyo. Palikuwa na daktari mmoja wa wazazi, jina lake Stéphane Tarnier, aliyefanya kazi katika hospitali ya wazazi iitwayo Maternité. Mwaka wa 1878 alikwenda kutembea katika bustani ya wanyama, akaona masanduku yaliyotiwa joto kwa kuangulia mayai ya kuku. Akafikiri moyoni mwake, kama kifaranga aweza kutunzwa hivi, kwa nini si mtoto wa mtu? Akamwomba fundi wa masanduku yale, Odile Martin, amtengenezee la watoto, na mwaka wa 1880 likawekwa hospitalini. Lilipashwa moto kwa maji, na watoto kadha wa kadha walilazwa ndani pamoja. Hapo kwanza, katika kila watoto 100 waliozaliwa na uzito usiofika kilo 2, walikuwa wakifa 66. Baada ya sanduku la joto kutumika walikufa 38.

Ujuzi huu ulisafiri upesi. Ulifika Berlin, ukafika London, ukavuka bahari hata Marekani. Huko Coney Island, karibu na New York, tangu mwaka wa 1903 hata mwaka wa 1943, watoto njiti walitunzwa na wauguzi ndani ya masanduku ya kioo, na watu wakalipa kiingilio wapate kuwatazama. Jambo hilo twaliona la ajabu, lakini fedha ile ndiyo iliyolipa wauguzi na maziwa, na watoto wengi waliokoka.

Lakini sanduku lilikuwa na upungufu wake. Mtoto alikuwa ndani, na mama alikuwa nje. Daktari Pierre Budin, mwanafunzi wa Tarnier, aliliona mapema. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1900 alieleza ya kuwa baadhi ya akina mama waliotengwa na watoto wao walipoa mapenzi, wakawaacha hospitalini. Kwa hiyo alitaka mama aruhusiwe kuingia na kumnyonyesha mwanawe. Walakini hospitali nyingi za miaka iliyofuata hazikulishika neno lake. Ziliogopa ya kuwa mama angeleta maradhi kutoka nje, basi akawekwa nyuma ya kioo, akamtazama mwanawe kama mtu atazamaye kitu dukani asicho na fedha za kukinunua. Na hivi ndivyo ujuzi ule ulivyoletwa katika nchi zetu pia: sanduku, kioo, na mlango uliofungwa. Mahali palipokuwa na masanduku ya kutosha na umeme usiokatika, watoto waliishi. Mahali pasipo na hayo, hapakuwa na njia nyingine iliyofundishwa.

Sasa twende Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, katika Amerika ya Kusini. Mji huu uko juu milimani, na baridi yake ni ya kutetemesha. Hapo palikuwa na hospitali ya wazazi iliyoitwa Instituto Materno Infantil, ambayo wanawake maskini wa mji waliiendea kujifungua. Watoto njiti walikuwa wengi kuliko masanduku. Wawili, hata watatu, walilazwa katika sanduku moja. Mmoja akiugua, wote waliugua. Vifo vilikuwa vingi, na watoto wengine waliachwa hospitalini wasichukuliwe na mtu.

Mwaka wa 1978 daktari Edgar Rey Sanabria alianza kujaribu njia nyingine, na mwenzake Héctor Martínez Gómez akajiunga naye. Walisema hivi: ikiwa hatuna masanduku, akina mama tunao. Wakamtoa mtoto aliyekwisha kutulia, wakamweka kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, akafungwa hapo usiku na mchana, akalishwa maziwa ya mama. Na alipoonekana anaendelea vema waliruhusiwa kwenda nyumbani, kwa sharti la kurudi mara kwa mara kupimwa. Njia hii wakaiita kwa jina la kangaruu, mnyama wa Australia. Maana kangaruu huzaa mtoto mdogo mno, asiye na manyoya wala macho ya kuona. Naye hutambaa hata mfukoni mwa mama yake, akashika titi, akakaa humo miezi mingi mpaka awe mnyama kamili.

Yafaa tueleze namna inavyofanywa, kwa kuwa jambo lenyewe ni la ufundi, si la kumkumbatia mtoto tu. Mtoto huvuliwa nguo, akabaki na winda, kofia na soksi. Husimamishwa wima katikati ya maziwa ya mama, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama ya chura. Kichwa hugeuzwa upande, na shingo hunyoshwa kidogo, ili njia ya pumzi isizibe; hili ndilo muuguzi analoliangalia kuliko yote. Kisha kitambaa hufungwa kwa nguvu ya kutosha, mtoto asiteleze mama asimamapo. Mama hulala ameegemea mito, si chali kabisa. Ikiwa mtoto hajaweza kunyonya, maziwa hukamuliwa akanyweshwa kwa kikombe kidogo au kwa mpira mwembamba upitao puani hata tumboni. Mama akichoka, baba au bibi aweza kumpokea, maana joto la kifua halibagui. Hukaa hivyo hata mtoto akaribie kilo mbili na nusu, ndipo yeye mwenyewe huanza kupiga mateke na kutaka kutoka, nao ndio mwisho wa kazi.

Habari hii ikatoka Kolombia. Miaka ya 1980 Shirika la Umoja wa Mataifa la kuwasaidia watoto, UNICEF, liliitangaza katika nchi nyingi. Mwaka wa 1986 muuguzi wa Marekani, Gene Cranston Anderson, pamoja na wenzake wawili, mmoja wao Vivian Wahlberg wa Sweden, waliandika habari zake katika gazeti la wauguzi wa Marekani. Hapo likawa jambo geni: wauguzi wa nchi zenye mashine za kila namna wakajifunza kutoka hospitali iliyopungukiwa na mashine.

Lakini si wote waliokubali, na haifai tuwafiche wasomaji wetu. Mwaka wa 1985 madaktari wawili kutoka Uingereza, Whitelaw na Sleath, waliokwenda Bogotá kuona kwa macho, waliandika ya kuwa hesabu zilizotangazwa hazikuwa kamili. Watoto waliohesabiwa walikuwa wale waliokwisha kuzivuka siku za kwanza zilizo za hatari. Waliokufa mapema hawakuingizwa. Basi haikuweza kusemwa ya kuwa njia ile imeshinda sanduku. Maneno haya yalikuwa machungu, lakini yalikuwa ya haki. Tena wasomaji waangalie alilolifanya Whitelaw baada ya kukosoa: hakuitupa njia yenyewe. Aliijaribu kwao London, na mwaka wa 1988 yeye na wenzake wakatoa habari ya kuwa akina mama waliowaweka watoto ngozi kwa ngozi walidumu kutoa maziwa muda mrefu zaidi, yapata majuma manne, kuliko wengine. Mkosoaji mwema ni yule akosoaye, kisha akashika jembe.

Mwaka wa 1988 huo huo jambo kubwa lilitendeka Afrika. Kusini mwa Zimbabwe, katika nchi kavu ya Matabeleland, iko hospitali ya misheni ya Kilutheri iitwayo Manama. Huko walifanya kazi daktari Nils Bergman na mkunga Agneta Jürisoo. Hawakuwa na sanduku la joto. Katika Bogotá mtoto aliwekwa kifuani baada ya kutulia. Lakini Manama wangemweka wapi wakati wa kungoja atulie? Basi wakamweka kifuani pa mama tangu mwanzo, akatulizwa hapo hapo. Walipoandika habari zao mwaka wa 1994, hesabu ilikuwa hivi: kwa watoto waliozaliwa na uzito usiofika kilo moja na nusu, zamani waliishi 10 katika 100, sasa waliishi 50. Kwa wale wa kilo moja na nusu hata karibu kilo 2, waliokuwa wakiishi 70 katika 100 sasa waliishi 90. Twawaomba wasomaji wasome hesabu hii mara mbili. Hapakuongezwa mashine.

Angalieni pia ya kuwa Manama haikuiga tu. Ilipokea ujuzi wa Kolombia, ikauongeza neno ambalo Kolombia haikuwa imelisema, kwamba kifua cha mama si mahali pa kumpeleka mtoto akiisha kupona, bali ni mahali pa kumponya. Neno hili halikusadikiwa upesi. Lilingoja miaka zaidi ya 30, kama tutakavyoona.

Wakati huo Bogotá nayo haikukasirika kwa kukosolewa. Daktari Nathalie Charpak, mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Kolombia, alianza kuipima njia ile kwa haki. Tangu mwaka wa 1993 hata mwaka wa 1996 watoto 746 waligawanywa kwa kura, nusu yao walelewe kifuani, na nusu kwa desturi ya zamani. Ikaonekana ya kuwa ulezi wa kifuani haukuzidisha vifo, maradhi ya kuambukiza hayakuwa makali, na watoto waliondoka hospitalini mapema. Mwaka wa 1994 ikaanzishwa Fundación Canguro, iliyopokea wauguzi na madaktari kutoka nchi nyingi za Amerika, Asia na Afrika, wakajifunza kwa vitendo, wakarudi makwao kuwafundisha wengine. Mwaka wa 1996 wajuzi wa mataifa walikutana katika mji wa Trieste, Italia, wakapatana juu ya jina na taratibu za ulezi huu. Mwaka wa 1998 zikatolewa habari za majaribio ya hospitali tatu: Addis Ababa katika Ethiopia, Yogyakarta katika Indonesia, na Mérida katika Meksiko. Na mwaka wa 2003 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu cha kuwaongoza wauguzi.

Sisi tulio walimu twapenda kutaja neno jingine. Watoto wale wa Bogotá walipofika umri wa miaka 20 hivi, Charpak na wenzake waliwatafuta tena, wakatoa habari zao mwishoni mwa mwaka wa 2016. Waliolelewa kifuani walikuwa na utoro mchache shuleni, na hasira na ugomvi vilipungua kwao. Hatusemi ya kuwa kila mtoto mtundu alikosa kifua cha mama yake. Lakini tumekumbuka mithali ya kwetu, Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tukaona ya kuwa malezi yaanza mapema kuliko tulivyodhani.

Sasa twafika kwetu. Mwishoni mwa mwaka wa 2017 hospitali tano zilishirikiana kulipima lile neno la Manama: Kumasi katika Ghana, Ile-Ife katika Nigeria, Blantyre katika Malawi, New Delhi katika India, na Muhimbili katika Dar es Salaam. Watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 hata karibu kilo 1.8 waligawanywa kwa kura. Wa kwanza waliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa. Wa pili walitunzwa kwanza kwa vyombo vya joto, wakawekwa kifuani walipotulia. Ili jambo hili liwezekane, vitanda vya akina mama viliingizwa ndani ya chumba cha watoto mahututi, mahali ambapo zamani mama alisimama mlangoni. Wauguzi wa watoto walijifunza kumwangalia na mama, na wakunga walijifunza kumwangalia na mtoto. Mama akiwa mgonjwa, ndugu yake aliyechaguliwa alimbeba mtoto badala yake. Watoto wa fungu la kwanza walikaa kifuani saa 17 hivi kila siku. Wa fungu la pili, walipokuwa katika chumba kile, saa moja na nusu tu.

Kazi ilisimamishwa kabla ya kufika mwisho uliokusudiwa, kwa kuwa waliokuwa wakiisimamia waliona si haki tena kuwanyima wengine njia iliyo bora. Katika siku 28 za kwanza, walikufa watoto 12 katika 100 wa fungu la kwanza, na karibu 16 katika 100 wa fungu la pili. Habari zilitolewa mwaka wa 2021, na mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani likaagiza ya kuwa ulezi wa kifuani uanze mara mtoto azaliwapo, isipokuwa kwa yule asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye katika hatari kuu. Agizo hili ni la nchi zote, tajiri na maskini. Akina mama wa Dar es Salaam, pamoja na wauguzi waliowahudumia, ni miongoni mwa waliowafundisha mataifa.

Basi twajifunza nini? Kwanza, ujuzi hauna kabila. Mfaransa alijifunza kwa kuku; Mkolombia alijifunza kwa mnyama wa Australia; Mwingereza alijifunza kwa Mkolombia aliyemkosoa; na ulimwengu ulijifunza kwa hospitali ya misheni isiyo na sanduku la joto. Katika safari hii yote aliyefaidi ni yule aliyekubali kuwa mwanafunzi.

Pili, Usitupe mbachao kwa msala upitao. Mashine ni njema, nasi twazihitaji. Yuko mtoto ambaye pasipo hewa ya kusaidiwa na dawa hataishi, wala kifua peke yake hakimtoshi. Lakini ilikuwa kosa kumwona mama kama mtu wa kuzuia njia, na hali yeye ndiye dawa.

Tatu, tusijidanganye kwa kusema, haya tulikuwa nayo tangu zamani. Mbeleko tulikuwa nayo, nayo ni jambo jema. Lakini mbeleko ya mgongoni si ya mtoto wa kilo moja na nusu. Shingo yake yaweza kukunjika tusimwone, akakosa pumzi. Ulezi wa kifuani hufundishwa na muuguzi, na mtoto hurudishwa kupimwa kwa siku zilizoamriwa. Kwa hiyo mwanamke ashikwapo na uchungu kabla ya siku zake asifichwe nyumbani, bali apelekwe hospitali upesi. Na akijifungua njiani, mtoto akaushwe, avikwe kofia, awekwe kifuani pa mama chini ya nguo, na safari iendelee.

Neno la mwisho ni kwa akina baba na akina bibi. Ikiwa mmemwona kijana ameketi nje ya nyumba yake, shati limefunguliwa, na kichwa kidogo chenye kofia kimejitokeza kifuani, msimcheke. Mpeni kiti cha kuegemea. Mkewe amelala saa mbili baada ya kukesha, na mtoto yule, ambaye zamani angeitwa mpita njia, anaongezeka uzito.